Pesa Iko Ukingoni

Hotuba kwa walimu, wanafunzi na wapenda nyota, Tororo, jioni moja ya Februari

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazee mliofika, na nyinyi vijana mliokaa kwenye nyasi kule nyuma: habari za jioni. Mtanivumilia na Kiswahili changu cha kambini. Nilizaliwa kwenye nyumba za askari kule Jinja, baba mtu wa Arua, mama mtu wa Busia, na Kiswahili ndicho kilichowafanya waelewane hata wakaoana. Fizikia niliifundisha kwa Kiingereza hadi nikastaafu, lakini nyota nimezizungumza kwa Kiswahili tangu utoto, na leo sibadilishi.

Nimeitwa kujibu swali moja. Shule imepata darubini nzuri: kioo cha kipenyo cha milimita 200, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana) milimita 1200, ile ya kusukuma kwa mkono, ya mtindo wa John Dobson, yule mtawa wa San Francisco aliyewafundisha watu kujitengenezea darubini kubwa kwa mbao na makaratasi magumu. Imekuja na lenzi mbili za jicho za kawaida. Kuna pesa kidogo imebaki. Mwalimu wa fizikia ameona kwenye simu lenzi pana ya dola 30 hivi, yaani shilingi laki moja na ushee. Akasogeza kidole, akaona nyingine ya milimita zile zile, dola mia nne, karibu milioni moja na nusu. Akanipigia: "Mzee, huyu wa pili anauza dhahabu?"

Nikamwambia, anauza ukingo. Nieleweni polepole, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa.

Lenzi ya jicho ni ile ndogo unayoiwekea jicho. Kioo kikubwa kinakusanya mwanga, lenzi ya jicho inaikuza picha. Hesabu yake ni ya darasa la kwanza la sekondari: gawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi, ndizo zile milimita zake. 1200 kwa 9, unapata mara 133. Lenzi ya 9 ya dola 30 na ya 9 ya dola mia nne zote zinakupa 133. Kinachotofautiana ni upana wa dirisha. Lenzi ya kawaida ya mtindo wa Plössl, aliouvumbua fundi wa Vienna mwaka 1860, inakupa digrii 50 hivi. Ni kama kuchungulia kwenye bomba la maji. Ya digrii 66 ni kama dirisha la chumba. Ya 82 ni kama kutoa kichwa nje ya dirisha la taksi: unaacha kuona dirisha, unaiona barabara.

Hizo za 82 alizileta Al Nagler, Mmarekani aliyewahi kubuni vioo vya mitambo ya mazoezi ya wanaanga wa Apollo. Alianzisha kampuni yake, Tele Vue, mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoa lenzi ya milimita 13 yenye digrii 82, na watu wakashangaa. Mwaka 2007 kampuni hiyo hiyo ikafika digrii 100. Wengine wakafuata, Explore Scientific wakiwa miongoni mwao, na bei za katikati zikazaliwa. Chini kabisa zikaja zile zenye pete ya dhahabu shingoni, digrii 66, zinazouzwa kwa majina mengi. Historia naiacha hapo, haitatusaidia kununua.

Upana una faida gani? Mtu wa Ulaya atakujibu: uzuri. Mimi wa ikweta nitakujibu: muda. Anga linazunguka digrii 15 kwa saa, maana yake robo digrii kwa dakika. Mwezi mpevu una nusu digrii, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili anga limesogea upana wa mwezi mzima. Huo ni mwendo wa nyota zilizo kwenye ikweta ya anga. Zilizo karibu na ncha hutambaa. Sasa, ikweta ya anga kwa mtu wa London imelala upande wa kusini. Kwetu hapa Tororo inapita utosini. Vitu vizuri kuliko vyote vinapita juu ya vichwa vyetu kwa mwendo wa boda boda.

Halafu kuna balaa la pili. Darubini hii ya kusukuma inazunguka kwa kitako na kuinuka kwa mabega. Ikisimama wima, ukizungusha kitako, pipa linajizungusha papo hapo, haliendi popote. Wenye darubini hizi hupaita pale utosini shimo la Dobson. Wenzetu wa kaskazini wanakutana nalo mara moja moja. Sisi, kundi la Jabari, wanaloliita Orion, linatumbukia humo kila usiku wa msimu huu.

Pigeni picha. Foleni ya watoto arobaini. Umeiweka Mshtarii, sayari wanayoiita Jupita, katikati kwa lenzi ya milimita 6, mara 200. Kwa lenzi ya digrii 50, gawa 50 kwa 200, una robo digrii ya anga: dakika moja kutoka ukingo hadi ukingo. Mtoto anainama, anakodoa, anauliza "iko wapi?", anashika pipa ingawa umemkataza. Sekunde ishirini zimekwenda. Akianza kuiona mikanda yake ya mawingu, sayari imefika ukingoni na wewe unasukuma tena. Kwa digrii 66 una sekunde themanini. Kwa 82, dakika moja na nusu na kitu. Kwa 100, dakika mbili kamili, watoto watatu wanapita bila mkono wako kugusa kitu.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na ushauri mwingi mnaousoma. Wanasema, usijali ukingo, kitu unachokitazama kiko katikati. Ni kweli kwa mwenye mota. Mota yake inafuata nyota usiku kucha, sayari haitoki katikati. Sisi wa kusukuma kwa mkono tunaiweka sayari ukingo wa mashariki, tunaiachia ielee hadi ukingo wa magharibi, kisha tunasukuma tena. Nusu ya muda wetu tunatazama ukingo. Kama ukingo ni ukungu, zile digrii 66 ulizolipia zimebaki 50, na ulikuwa nazo tayari.

Sasa niwasimulie usiku wa Desemba. Mgeni wetu mmoja kutoka Nairobi alipita akiwa na Nagler ya milimita 9. Mimi nilikuwa na ile ya pete ya dhahabu, ya 9 pia, na ya bei ya kati niliyoazima. Tulikaa nyuma ya nyumba yangu, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Kwa watu wengine ni kero. Kwetu sisi ilikuwa neema tupu.

Katikati, kwenye Mshtarii, sikuona tofauti ya maana. Mikanda miwili mikuu ile ile, miezi minne ile ile, vidoto vikali. Mgeni alidai anga la nyuma ni jeusi zaidi kwenye yake. Inawezekana. Vioo vyake vina tabaka zuri la kuzuia mwako, na kioo kisichopakwa kitu hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande, kwa hiyo ukiwa na lenzi yenye vioo saba, upakaji si mapambo. Lakini kama angenifunga kitambaa nisijue nimeshika ipi, nisingeweka dau la hata kuku.

Tukaiachia sayari ielee. Kwenye ile ya bei rahisi, ilipofika sehemu ya tano ya mwisho, miezi ikaanza kuvimba, ikawa kama chembe za mchele. Kwenye ya kati ilibaki mizuri, ikachoka mlangoni kabisa. Kwenye Nagler mwezi wa mwisho uliingia ukingoni ukiwa doto, ukakatika kama umekatwa na wembe. Mgeni akacheka, akasema, "Hapo ndipo ilipo hela yangu." Ndiyo maneno niliyoyaibia kichwa cha hotuba hii.

Mtasema, basi tununue ya ghali. Subirini. Ile ya mchele ilikuwa ya 9, na ukweli ni kwamba ilijitahidi sana kwa bei yake. Kisha nikaitoa ndugu yake, ya milimita 20, yenye pete ile ile na digrii 66 zile zile. Hapo sikuona mchele. Niliona ndege. Theluthi yote ya nje, kila nyota ilikuwa na mabawa mawili, kama korongo wanaotua bwawani.

Kwa nini ndugu wawili watofautiane hivyo? Mwanga unatoka kwenye kioo kikubwa kama faneli inayokutana mbele. Ugawe urefu wa fokasi kwa kipenyo: 1200 kwa 200, unapata 6. Namba hiyo ikiwa ndogo, faneli ni fupi na imepanuka, miale inaingia kwenye lenzi kwa pembe kali. Ikiwa 10, kama kwenye zile darubini fupi nene za vioo viwili na lenzi mbele, faneli ni ndefu na nyembamba, na karibu lenzi yoyote inaonekana nzuri. Lenzi za bei rahisi za 6 na 9 zina kioo cha kutawanya mwanga huku chini, ambacho huipunguza makali ile faneli kabla haijafika kwenye vioo vikuu. Ubunifu wa Nagler nao unatumia kioo cha aina hiyo, ila kwa ustadi mwingine kabisa. Zile za 15 na 20 za bei rahisi hazina kioo hicho. Zinapigwa na miale mikali uso kwa uso.

Kwa hiyo bei rahisi inakushinda zaidi pale unapotaka mandhari makubwa kwa ukuzaji mdogo, na inakushinda kidogo sana pale unapotaka kukuza sana. Watu wengi hufanya kinyume: wananunua ya ghali kwa ajili ya sayari na ya bei rahisi kwa ajili ya vishada vya nyota. Ningekuwa na milioni moja na nusu na amri ya kununua lenzi moja, ningeipeleka upande wa mandhari.

Chukueni Kilimia. Wazee wa pwani walisema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walikitazama wapate kujua lini walime. Kishada hicho kina upana wa digrii mbili hivi. Plössl ya milimita 32 inaonyesha digrii moja na theluthi, unakiona Kilimia kimekatwa masikio. Ya milimita 30 yenye digrii 82, ya shingo nene ya inchi mbili, inaonyesha digrii mbili na kidogo: kinaingia chote, ingawa kwa kubanana. Lakini nyota za pembeni za Kilimia zinakaa ukingoni hasa, na kama lenzi inazigeuza korongo, bora ukatazame kwa darubini ya macho mawili. Na hizo kubwa ni nzito. Nagler ya milimita 31 ina karibu kilo moja. Ukiiweka, pipa linainama lenyewe kama ng'ombe anayekunywa maji, inabidi ufunge uzito upande wa pili. Nimewahi kutumia soksi yenye mchanga.

Kabla hamjalaumu lenzi, lakini, pimeni. Weka nyota katikati, ilenge iwe doto. Isogeze ukingoni. Ikivimba, zungusha kirungu cha fokasi kidogo. Ikirudi kuwa doto, uwanja wa picha umejikunja tu, jicho la kijana hulirekebisha lenyewe. Ikiwa ni kistari ambacho ukizungusha kinageuka na kulala upande mwingine, hiyo ni astigmatizimu ya lenzi, haina dawa. Ikiwa ina mkia kama kimondo, na mikia yote inaelekea nje, hiyo ni koma, na inatoka kwenye kioo kikuu. Utanunua lenzi ya milioni kumi na mkia utaukuta pale pale, labda ukali zaidi, maana sasa unauona vizuri. Na kama hata katikati nyota ina miiba, zungusha kichwa chako. Miiba ikizunguka na kichwa, mgonjwa ni jicho lako. Mimi miiba yangu inazunguka. Ndiyo maana navaa hii miwani.

Miwani yenyewe ni habari. Plössl ya milimita 10 inakutaka jicho likae milimita saba tu kutoka kwenye kioo, kope zinapaka mafuta lenzi. Mwenye miwani anahitaji 15 hadi 20. Siku za shule tazameni ni watoto wangapi wanavua miwani wakifika mbele, wakaona ukungu, wakasema "nimeona" kwa adabu tu. Wapo lenzi za ghali zisizomfaa mwenye miwani, na za kati zinazomfaa. Namba hiyo isomeni kabla ya kusoma digrii.

Na digrii zenyewe msiziamini kwa kuandikwa. Miaka michache nyuma niliagiza lenzi ya 9 iliyoandikwa 82, kutoka kwa muuzaji ambaye simtaji. Ikafika imefungwa kwenye povu safi, ubavuni imeandikwa 82 kwa rangi nyeupe. Nikaiweka, nikasema mbona dirisha limesinyaa. Kwenye mshipi wa Jabari kuna nyota tatu. Ile inayotangulia kuchomoza, Mintaka, imekaa karibu kabisa na ikweta ya anga. Nikaiweka ukingoni, nikashika saa ya simu, nikaiachia ivuke katikati hadi ukingo wa pili. Sekunde 118. Kila sekunde ni sehemu 15 za zile 3600 zinazofanya digrii moja. 118 mara 15 ni 1770, gawa kwa 3600, nusu digrii kasoro kidogo. Mara 133, digrii 65 na ushee. Ingekuwa 82 kweli, ningehesabu karibu dakika mbili na nusu. Nilikuwa nimelipa bei ya taksi nikapewa dirisha la chumba. Vijana wa hesabu, kazi hii naiacha kwenu: kila lenzi itakayoingia shuleni ipimwe kwa Mintaka kabla ya wiki kwisha.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa nchi zenye hewa kavu hawalitaji ni ukungu wa kuvu. Unyevu wetu ni wa ziwa na wa misimu miwili ya mvua. Kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na hachagui bei. Zipo lenzi za bei ya kati zilizozibwa na kujazwa gesi kavu, na kwa Uganda hilo kwangu lina uzito kuliko jina lililochongwa ubavuni. Zote zingine ziwekeni kwenye kopo linalofunga vizuri, mimi natumia la Blue Band, na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vikichoka, vikausheni juu ya sigiri ya makaa, moto ukiwa umetulia. Na msizifute lenzi kwa kanzu wala gomesi, hata ikiwa ya Ijumaa au ya harusi.

Basi, mwalimu wa fizikia, kalamu. Kwanza nyoosheni vioo vya darubini, yaani vitazamane sawasawa. Havijanyooka, nimevitazama jioni hii, na lenzi ya ghali kwenye kioo kilichokaa upande ni kofia mpya juu ya kichwa kinachouma. Kazi hiyo ni ya bure, nitawaonyesha kesho asubuhi. Pili, nunueni ile ya pete ya dhahabu ya 6 au ya 9, msione aibu. Kwa mwezi, Mshtarii na Zohali, ile wanayoiita Saturn, itawatosha miaka mingi. Ile ya 20 ya aina hiyo iacheni dukani. Pesa itakayobaki wekeni akiba, na msinunue nyingine mpaka mfikie ya bei ya kati iliyo pana, milimita 24 yenye digrii 68, mara 50, digrii moja na zaidi ya anga. Hiyo inaingia kwenye shingo ndogo mliyo nayo, haihitaji soksi ya mchanga, na nebula ya Jabari, lile wingu la gesi, pamoja na nyota zote zinazoizunguka inakaa humo kwa raha. Ya milioni moja na nusu? Akija mgeni wa Nairobi, tutaazima.

Yule mgeni, kwa taarifa yenu, yuko hapa, amekaa karibu na ukuta, na amekuja nayo. Nimezifunga lenzi tatu kwa plasta, majina hayaonekani, A, B na C. Mtaandika kwenye karatasi ipi ni ipi, na tutahesabu. Mlinzi, tafadhali, zima taa ile ya jikoni. Kidato cha kwanza waanze foleni, wenye miwani wasiivue, na mtu asishike pipa.